Kisa cha Cobra iliyokuwa ikila stata

Mwezi wa Machi, theluji ya Massachusetts ikiwa imeanza kuyeyuka, nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Mombasa anayeishi Lowell. Wakenya wa Lowell ni wengi, na kazi yangu ni umeme wa magari, kwa hiyo simu za namna hii nimezizoea: Toyota haiwaki, Nissan inamaliza betri usiku. Yake ilikuwa tofauti, ilihusu stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake.

"Mwanangu, ile Cobra yangu imekula stata mpya nzima. Nimefunga nyingine, nayo naisikia yaelekea huko huko. Njoo uisikilize ingali hai."

Nilikwenda Jumamosi. Nilimwamkia "Shikamoo, Ami," akaitika marahaba, akanipa kahawa, na kabla sijaimaliza tulikuwa tumeshasimama gereji.

Cobra halisi ilizaliwa 1962, pale Carroll Shelby, Mmarekani wa Texas, alipochukua gari dogo la Kiingereza lililoitwa AC Ace akalitia injini ya Ford V8. Ya kwanza kabisa, yenye namba CSX2000, ilipigwa mnada Monterey, California, Agosti 2016 kwa dola milioni 13.75. Ndiyo maana wanaoipenda huunda nakala yake wenyewe. Unanunua seti: chasisi ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba kama ile ya boti, na mabati ya alumini ya kuziba chumba cha dereva. Injini, giaboksi na difu unavitoa kwenye gari jingine. Mzee alivitoa kwenye Mustang GT ya 1989: V8 ya lita 5.0, giaboksi ya mkono ya gia tano. Ilimchukua vipindi vinne vya baridi kuimaliza, peke yake.

Kitu kilichonigusa nilipofungua boneti kilikuwa nyaya. Kila waya ulikuwa na kipande cha utepe mweupe, kimeandikwa kwa kalamu, kwa Kiswahili: TAA KULIA, PAMPU YA MAFUTA, FENI, HONI. Mafundi wenye vyeti wangeziona nyaya hizo wangejifunza kitu. Nasema hivi mapema kwa sababu kosa tulilolipata halikuwa la mtu mzembe.

Nilimwomba anisimulie tangu mwanzo bila kuruka, maana kwenye gari la kujiundia historia ya marekebisho ndiyo ramani pekee uliyo nayo. Gari la kiwandani lina mchoro wa umeme uliochapishwa. Ukijua mwaka na modeli, unajua waya wa njano unakwenda wapi. Hapa mchoro umo kichwani mwa aliyeunda.

Alisema hivi. Kiangazi cha kwanza gari liliwaka vizuri likiwa baridi, lakini likishapata moto, stata ilizunguka kwa uzito, kama betri imekufa. Akabadilisha betri. Hali ikabaki vile vile. Jirani akamwambia stata za zamani za Mustang ni nzito na zinakula umeme mwingi, afunge ile ya kisasa, ndogo, yenye sumaku za kudumu na gia za kupunguza mwendo ndani yake. Ushauri huo si mbaya. Ford yenyewe ilihamia kwenye stata za aina hiyo kwa Mustang 5.0 kuanzia 1992. Akainunua, akaifunga. Gari likawaka upesi zaidi. Ila kila alipoachia ufunguo alisikia mlio mwembamba, "wiiiii", wa sekunde moja hivi, injini ikiwa tayari inanguruma. Baada ya miezi michache stata ikatoa moshi ikafa. Akanunua ya pili ya aina ile ile, na mlio ukarudi siku ya kwanza.

Stata iliyokufa alikuwa hajaitupa. Naomba kila mwenye gari afanye hivyo, kwa sababu kipuri kilichokufa ni shahidi. Tuliifungua juu ya meza. Stata inayokufa kwa uzee, brashi zake za kaboni huwa zimeisha, vipande vifupi visivyofika kwenye shaba. Hizi zilikuwa ndefu, karibu mpya. Lakini ndani ya ganda pande zote palikuwa na vidoto vya risasi ya kulehemu, vimerushwa kama matope yanayorushwa na gurudumu, na nyaya za shaba za amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka, zilikuwa zimefumuka kutoka mahali pake. Hiyo ni stata iliyozungushwa kupita kiasi mpaka ikachemka. Motokaa iliwaka, na stata ikaburutwa nayo badala ya kuachia.

Hapo nikajua kuna maswali mawili, na si moja. La kwanza: kwa nini stata ya zamani ilikuwa nzito gari likipata moto? La pili: kwa nini hizi mpya haziachii? Watu wengi wangeyachanganya, wakaagiza stata ya tatu.

Nilianza na la kwanza, kwa mita. Betri ya Cobra hii iko nyuma, kwenye buti, ili uzito ugawanyike. Ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikachomoa plagi ya koili ili injini izunguke bila kuwaka, mzee akapiga stata, nami nikapima wakati inazunguka. Kwenye vichwa vya betri: 11.2. Pale pale kwenye stata, kati ya boliti yake kubwa na ganda lake: 8.9. Volti 2.3 zilikuwa zinapotelea njiani.

Kujua zinapotelea wapi si uganga. Unaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye boliti kubwa ya stata, unapiga stata, unasoma. Ilisoma 0.5, ambayo kwa waya mrefu wa kutoka buti mpaka mbele bado inavumilika. Kisha unafanya vivyo hivyo upande wa hasi: kichwa hasi cha betri kwa ganda la stata. Pale mita ikasoma 1.8. Kipimo ninachofuata upande huo ni 0.2 tu.

Nikaifuata hatua kwa hatua. Kutoka betri hadi kwenye kichwa cha waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chasisi, hakuna kitu. Kutoka kichwa cha waya hadi chuma cha chasisi, nilichokikwaruza kwa ncha ya mita mpaka kikang'aa: volti 1.5. Zilizobaki zilikuwa kwenye waya wa kuunganisha chasisi na injini na viungo vyake.

Tukafungua boliti ile. Chasisi za seti hizi hupakwa rangi ya unga, ile inayopuliziwa kavu kisha inaokwa kwenye tanuri mpaka inakuwa ngozi ngumu inayong'aa. Ni rangi nzuri sana dhidi ya kutu. Pia ni plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Mzee alikuwa ametoboa tundu, akapitisha boliti, akakaza kichwa cha waya juu ya rangi. Umeme wote wa stata, mamia ya ampia, ulikuwa ukipita kwenye meno machache ya boliti yaliyokwaruza ukingo wa tundu. Injini ikiwa baridi, paliweza kidogo. Injini ikichemka, stata inadai zaidi, mahali pale finyu panapata moto, na panapopata moto panapitisha kidogo zaidi. Kwenye gari la kawaida la bodi ya bati kosa hili mara nyingi hufunikwa, kwa sababu bodi nzima ni ethi na kuna njia nyingine za kurudia. Faiba haina njia ya pili.

Mzee alilitazama tundu lile kwa muda. "Kumbe ile stata ya kwanza haikuwa na dhambi," akasema. Haikuwa nayo. Nilimwuliza iko wapi, akaniambia iko rafuni imefungwa kwa gazeti. Nikamwambia aiteremshe, tutaihitaji.

Sasa swali la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike kisa hiki, kwa sababu nimeliona kwenye magari mengine ya Ford ya zamani yaliyotiwa stata ya kisasa, na kila mara mwenyewe anaambiwa kanunua stata mbovu.

Kwenye Mustang ya 1989 kuna rilei kubwa, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iliyofungwa mbali na stata. Kwenye Cobra hii iko kwenye bati la alumini nyuma ya injini, na mzee, kwa akili yake nzuri, alikuwa ameivutia waya wake wa ethi, maana rilei ile hupata hasi kupitia bati inalofungiwa. Ukigeuza ufunguo, rilei inafunga, umeme unapita kwenye waya mnene mpaka kwenye stata, basi. Stata ya zamani haina haja ya waya mwingine.

Stata mpya ina mahitaji mawili: waya mnene kwenye boliti kubwa, na waya mdogo kwenye pini iliyoandikwa S, ambao huamsha solenoidi yake yenyewe, nayo husukuma bendeksi, gia ndogo ya stata, mbele ishike meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Mzee hakuwa na waya mdogo wa kufika huko. Kwa hiyo akafanya kile ambacho wengi hukifanya: akatia kipande kifupi cha waya kuunganisha boliti kubwa na pini ya S. Rilei ikifunga, vyote viwili vinapata umeme kwa pamoja. Rilei ikifungua, vyote viwili vinakosa. Kwa kutazama juu juu, hakuna kasoro.

Nilimwonyesha kwa taa mbili. Nilichukua balbu mbili ndogo zenye nyaya ndefu, moja nikaibana kwenye pini ya ufunguo ya rilei, nyingine kwenye pini ya S ya stata, nikazipitisha mbali na ekzosi na feni, nikazilaza zote mbili juu ya dashibodi mbele yake. Nikarudisha plagi ya koili. "Washa, Ami, lakini macho yako yawe kwenye taa."

Akageuza ufunguo, taa zote mbili zikawaka. V8 ikalipuka, akaachia. Taa ya rilei ikazimika papo hapo. Taa ya stata ikabaki inawaka, ikafifia taratibu kama mshumaa unaoishiwa, na mlio ule wa "wiiii" ukafifia nayo. Tulirudia mara tatu. Hakuna aliyesema kitu mpaka mara ya tatu.

Umeme ule ulitoka wapi, na rilei imeshakata? Ulitoka kwenye stata yenyewe. Stata ya zamani hutengeneza usumaku wake kwa koili. Ukikata umeme, usumaku unaondoka, na inakuwa chuma tu kinachozunguka. Hii mpya ina sumaku za kudumu, ambazo hazijui kama ufunguo umeachiwa. Amecha inayoendelea kuzunguka katikati ya sumaku ni jenereta. Umeme inaouzalisha unatoka kwenye boliti kubwa, unapita kwenye kile kipande kifupi cha waya, unaingia pini ya S, na unaishikilia solenoidi. Bendeksi inabaki imeng'ang'ania flaiwili ya injini iliyokwisha kuwaka. Kuna klachi ndogo ndani ya bendeksi ya kuiokoa stata kwa muda mfupi, lakini ukiitesa hivyo kila siku inachoka, inashika, na hapo injini inaibeba amecha kwa kasi isiyoumbiwa. Vile vidoto vya risasi ndani ya ganda vilitokana na hilo.

Dawa yake ni waya mmoja. Waya mnene wa stata unahamishwa kutoka upande wa rilei unaokwenda stata, unawekwa upande unaotoka betri, ili boliti kubwa iwe na umeme wakati wote. Kipande kifupi kinatupwa. Kisha unavutwa waya mpya, milimita 4 hadi 5 za mraba unatosha, kutoka upande wa pili wa rilei hadi pini ya S. Sasa ukiachia ufunguo, S haina mahali pa kuibia umeme.

Tuliufunga hivyo, tukarudia jaribio la taa. Zote mbili zilizimika pamoja. Mlio haukuwepo. Mzee alicheka kwa sauti, akanipiga bega.

Kazi haikuwa imekwisha. Tulilipandisha gari kwenye stendi nne, tukatoa hasi ya betri kwanza (boliti kubwa ikiwa na umeme muda wote, spana ikigusa chasisi ni moto), tukaingia chini upande wa kulia. Kwenye V8 hii stata imekaa kulia, chini ya manifoldi ya ekzosi. Inashikwa na boliti mbili tu. Ya chini inatoka kwa dakika moja. Ya juu haionekani; inataka ekstensheni ndefu yenye kiungo cha kukunja kutoka mbele, na subira. Usiilazimishe kwa spana ya mdomo wazi, utakula kichwa cha boliti, na utailia mchana kutwa.

Bendeksi ya stata ya pili ilikuwa imeng'oka kingo za meno. Tukaondoa kifuniko cha chini cha flaiwili, nikaizungusha injini kwa soketi kwenye boliti ya mbele ya krenki, mzee akimulika tochi. V8 ikizimwa huelekea kusimama katika sehemu nne zile zile, kwa hiyo kuliwa kwa meno hakusambai, kunajirundika sehemu nne. Nilikuta kingo zimevimba kidogo, hakuna jino lililokatika. Nikazilainisha kwa tupa ndogo. Kama zingekuwa zimeliwa hadi katikati, ningemwambia ukweli: giaboksi itoke, flaiwili ibadilishiwe bangili yake ya meno.

Hapa niingize neno kwa wanaounda magari ya namna hii. Ukinunua stata kwa kutaja jina la gari, utakosea siku moja. Flaiwili ya Mustang hii ina meno 157, lakini V8 hizo hizo za Ford zina flaiwili nyingine za meno 164, na stata za giaboksi ya mkono na za otomatiki hutofautiana urefu wa pua. Uingereza, kwenye magari madogo ya mtindo wa Lotus Seven yenye injini za Ford Kent, utakuta flaiwili ya meno 110 na nyingine ya meno 132, kila moja na stata yake. Gari lililoundwa kwa vipuri vya magari matatu halina jina moja. Funua kifuniko, tia alama ya chaki kwenye jino, hesabu.

Sasa tulikuwa na uamuzi. Tungeweza kununua stata mpya ya tatu, kwa kuwa waya sasa ulikuwa sahihi. Ni nyepesi, inavuta umeme kidogo, na inaacha nafasi zaidi kati yake na ekzosi. Upande wa pili, kulikuwa na ile ya zamani ndani ya gazeti, iliyotoka kwenye Mustang ile ile pamoja na flaiwili ile ile. Niliibana kwenye jiliwa, nikaipa umeme kwa nyaya za kuamshia. Ilizunguka kwa nguvu, bila kukwama. Brashi zilikuwa na maisha.

Mimi nilipendelea ya zamani, na nilimwambia hivyo. Haikuwa na ugonjwa, ilihukumiwa kwa kosa la ethi. Kubadilisha kitu kizima ili kutibu kitu kingine ndiko kulikotufikisha pale. Mzee alikubali kabla sijamaliza.

Basi nyaya za rilei zikarudi kama zilivyokuwa mwanzo, maana stata hii hairuhusu ule mpangilio mpya: ukiipa umeme wakati wote, itazunguka wakati wote. Waya mdogo tuliuacha mahali pake, ncha zake zimezibwa, siku moja utafaa. Chasisi tuliipiga msasa kuzunguka tundu mpaka chuma cheupe, pande zote mbili, tukaweka waya, tukakaza, tukapaka grisi juu ili kutu isiingie. Sikuridhika na hilo peke yake. Nilivuta waya wa pili wa ethi, mnene, milimita 50 za mraba, kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bloku ya injini, ukipita kwenye raba kila unapovuka bati. Stata tuliifunga kinga ya joto upande unaoitazama ekzosi.

Tukapima tena. Betri wakati wa kupiga stata: 11.0. Upande chanya: 0.4. Upande hasi: 0.15. Stata yenyewe ilikuwa inapata karibu volti 10.5, pale ilipokuwa ikipata 8.9.

Lakini ugonjwa wa kwanza ulikuwa wa gari lililopata moto, kwa hiyo kipimo cha gereji hakikutosha. Mzee alivaa koti, tukazunguka nje ya mji kwa dakika ishirini, tukarudi, akalizima. Tuliliacha dakika kumi boneti ikiwa imefungwa, muda ambao joto la ekzosi hupanda juu na kuivaa stata. Wakati tunangoja alikata kipande cha utepe mweupe, akaandika ETHI YA INJINI, akaubandika kwenye waya mpya.

Akageuza ufunguo. Iliwaka mzunguko wa pili.